Njia Inayomsubiri Mgeni Rasmi

Ipo nchi moja, si hii yetu, Mungu apishe mbali, ambayo ukweli wake hauwi ukweli mpaka upigiwe makofi. Si kila ukweli. Mama akisema mwanawe ana homa anaaminiwa tu, makofi hana haja nayo. Nasema ukweli wa kitaalamu, ule wa maabara na darubini. Huo una utaratibu wake. Mtaalamu akigundua jambo, sheria inamtaka aufunge mdomo mpaka Mkutano Mkuu wa Jumuiya ya Wataalamu wa Nafaka. Siku hiyo atapanda jukwaani katika Ukumbi wa Maarifa, atasema kwa kipaza sauti, wajumbe watapiga makofi, Katibu ataandika. Hapo ndipo magazeti huruhusiwa kuchapa na wananchi huruhusiwa kuogopa. Ukilisema jambo lako kabla ya hapo, liwe kweli tupu, umefanya kosa la uzushi wa kitaalamu, na jela utakayokwenda ni ile ile ya wezi wa ng'ombe.

Dakta Sikudhani Mahimbo alikuwa mwanachama wa Jumuiya hiyo kwa miaka mingi. Alikuwa bingwa wa ukungu wa mahindi. Polio ilimchukua miguu angali mtoto wa kutambaa, kwa hiyo maisha yake yote alikaa kwenye kiti mwendo, na kwenye kiti hicho alisoma, alifundisha, alizaa, na aligombana na watu wengi waliostahili kugombezwa. Hakupenda kuitwa shujaa. Aliyemwita shujaa aliulizwa papo hapo amemwona akipigana vita gani.

Ukumbi wa Maarifa ulijengwa na wasomi wenye miguu, kwa hiyo jukwaa lake lina ngazi ndefu. Kila mwaka zamu ya Sikudhani ikifika, wenzake wawili, Dakta Bwire na Profesa Ngwali, walikuja wakakinyanyua kiti na yeye ndani yake. Bwire alihema. Ngwali alilalamika mgongo, tena kwa sauti, ili watu wa viti vya nyuma nao wajue. Kiti kilipepesuka, sketi ilipanda, na Sikudhani alifumba macho huku amezikumbatia karatasi zake. Aibu aliyokuwa akiisikia pale hakuwahi kumwambia mtu. Lakini alifika juu, akasema, wakapiga makofi, na shehena yenye ukungu ikaenda kuchomwa moto badala ya kwenda jikoni kwa watu.

Mambo yakaenda hivyo mpaka siku Ujumuishi ulipoingia nchini.

Uliletwa na Mwenyekiti, Profesa wa Maprofesa Kaluwa Mtandika. Alikuwa amealikwa ng'ambo kwenye kongamano la jumuiya za kisayansi za dunia, akafika na suti tatu na mpambe, na wakamkalisha nyuma kabisa, jirani na mlango wa choo. Mbele waliketi watu wa kisiwa fulani ambacho hata kwenye ramani hukioni usipoambiwa kilipo. Alipouliza, akaambiwa wale wana Sera ya Utofauti na Ujumuishi, ninyi hamna. Na kuku waliletewa wale kwanza. Kaluwa Mtandika alikula mabawa, akanuna njia nzima mpaka nyumbani.

Aliposhuka tu kwenye ndege akaunda Kamati ya Utofauti. Ilikuwa na wajumbe wa kila aina: warefu, wafupi, wanene, wembamba, na mmoja mwenye kipara. Wote walikuwa wanaume na wote walitoka tarafa moja na Mwenyekiti, lakini ukiwapanga mstari huwezi kusema wanafanana. Wanawake wachache wa Jumuiya walipouliza na wao je, wakapewa Mkurugenzi wa Ujumuishi, Bi Leokadia Shangali, mwanamke nadhifu, mwenye maneno laini, shemeji yake Mwenyekiti. Vijana walipouliza wakaambiwa wasubiri wakue.

Hata hivyo, tumpe mtu haki yake, Sera yenyewe iliandikwa vizuri. Sikudhani aliisoma nyumbani, jikoni, sufuria ikiwa motoni. Ilisema mwanachama mwenye ulemavu si gunia, na kuanzia leo ni marufuku kumbeba. Ilisema mwanachama hatasemea chini ya jukwaa wakati wenzake wanasemea juu, kwa kuwa huko ni kumshusha. Ilisema hakuna atakayemsemea mwenye ulemavu, atajisemea mwenyewe. Na mwisho ilisema itajengwa njia ya mteremko, pana na ya heshima, ili kila kiti mwendo kipande jukwaani bila msaada wa mtu. Sikudhani alisoma ule mstari wa gunia mara ya pili, machozi yakamlengalenga, na mboga ikaungua. Miaka yote hiyo alidhani ni yeye peke yake aliyeliona gunia.

Njia ikajengwa, kweli. Ikachukua fedha za maabara, lakini nani atahesabu fedha mbele ya utu. Ilipokamilika ikafunikwa kwa turubai la buluu, ikazungushiwa utepe mwekundu, akawekwa na mgambo wa kuilinda. Ilikuwa inamsubiri mgeni rasmi aje kuizindua.

Wageni wa nchi ile hushangaa sana jambo hili. Wenyeji hawashangai. Huko kisima kinaweza kuchimbwa, maji yakatoka, yakawa matamu, na kijiji kizima kikaendelea kuchota mtoni kwenye mamba mwaka mzima, kwa sababu kisima hakijazinduliwa. Daraja likikamilika watu huvuka kwa kuogelea chini yake, wakilisifia. Mwanamke aliwahi kujifungulia kwenye nyasi nje ya wodi mpya ya wazazi, na mume wake akakemewa kwa kuegemea ukuta wake. Ukikanyaga mradi kabla ya mkubwa, umemnyang'anya mkubwa siku yake.

*

Mwaka ule Sikudhani alikuwa na jambo zito kuliko yote aliyowahi kupeleka jukwaani. Bati za Ghala Kuu la Taifa zilivuja msimu mzima, na mahindi ya ndani yakaota ukungu. Alipima sampuli, akarudia, akawapa wanafunzi wake wapime bila kuwaambia ni za wapi, jibu likawa lile lile. Yalijaa sumukuvu, sumu inayozaliwa na ukungu na kula ini la mtu. Haitoki kwa kuoshwa, haitoki kwa kukobolewa, wala haiogopi moto wa ugali. Na mahindi hayo yalikuwa yamekwisha kupangiwa kazi. Jumatatu baada ya Mkutano Mkuu malori yangeyapeleka kwenye shule za bweni za nchi nzima, watoto wamalizie muhula nayo.

Kwa niaba ya Serikali, mahindi yalinunuliwa na Waziri wa Chakula, Mheshimiwa Bakilana Rwoma, kutoka kwa kampuni ya Mheshimiwa Bakilana Rwoma, baada ya Mheshimiwa kujiridhisha na ubora. Mgeni rasmi wa kuzindua njia ya kiti mwendo alikuwa ni huyo huyo. Mimi sisemi kitu hapo. Nasimulia tu.

Sikudhani alimwendea Katibu wa Jumuiya, akamwomba mkutano wa dharura. Katibu akamjibu kwa upole kwamba Mkutano Mkuu umekaribia, kuna haraka gani. Akawaendea wahariri wa magazeti. Wakamsikiliza kwa makini, wakamuuliza kama yamepigiwa makofi. Basi akangoja Ijumaa ya mkutano.

Ijumaa hiyo alipokelewa kama bibi harusi. Bi Leokadia mwenyewe alimvisha shada, akampeleka mbele ya turubai la buluu apigwe picha. Wakampa na bango la kushika, limeandikwa AHSANTENI. Akapigwa picha na Kamati ya Utofauti, warefu nyuma, wafupi mbele. Mgeni rasmi alitarajiwa asubuhi. Asubuhi ikapita. Ikasemekana yuko njiani, kisha ikasemekana yuko njiani kweli sasa. Mkutano ukaanza bila yeye. Mtu mmoja akapanda ngazi akaeleza kwa kirefu faida za mtama, wajumbe wakapiga makofi, na mtama ukawa na faida.

Kisha Katibu akaita, "Dakta Sikudhani Mahimbo."

Sikudhani alivua shada, akasukuma magurudumu mpaka kwenye utepe. Mgambo akainua mkono.

"Samahani, mama. Haijazinduliwa."

"Najua. Mimi siizindui, napita tu."

"Ukipita itakuwa imezinduliwa, mama. Mimi nina watoto."

"Hata mimi nazungumzia watoto," alisema Sikudhani. Mgambo akatazama pembeni.

Bi Leokadia akaja upesi, tabasamu mbele. "Dakta wangu, kuna tatizo gani?"

"Hakuna tatizo. Niiteni Bwire na Ngwali wanipandishe kama zamani, niseme, mambo yaishe."

"Kama zamani?" Mkurugenzi alishika kifua. "Dakta, hilo la zamani tumeshalikomesha. Tulikukosea sana. Wewe si gunia."

"Leo nakubali kuwa gunia."

"Wewe unaweza kukubali. Jumuiya haiwezi."

Dakta Bwire alikuwa amekwisha kuinuka kwenye kiti chake. Tuseme kweli, aliinuka. Mkurugenzi akamgeukia. "Dakta Bwire, Sera umeisoma?"

"Nimeisoma."

"Kumbeba mwenzetu ni nini?"

"Ni udhalilishaji," alisema Bwire.

"Na wewe ni mdhalilishaji?"

Bwire alimwangalia Sikudhani, akaangalia meza kuu, akaangalia viatu vyake. Akasema yeye siyo, akaketi. Ngwali alikuwa ameanza kupekua mkoba wake muda mrefu kabla hajatajwa.

"Basi nipeni kipaza sauti hapa hapa chini," alisema Sikudhani. "Waya unafika, nauona."

"Unataka dunia iseme tunawasemesha walemavu wetu sakafuni?"

"Basi Bwire asome karatasi yangu kutoka hapo juu."

"Hatuwasemei watu, Dakta. Mnajisemea wenyewe. Ni haki yenu na tumeipigania."

Kila mlango aliougusa Sikudhani ulifungwa kwa neno zuri, na yote yalitoka katika karatasi iliyomliza jikoni. Alimwangalia yule mwanamke usoni, atafute walau mzaha, hakuuona. Leokadia Shangali aliyaamini aliyokuwa akiyasema, angalau mpaka saa hiyo.

Profesa wa Maprofesa Kaluwa Mtandika akavuta kipaza sauti chake. "Wajumbe, tusipoteze muda. Ukweli wa Dakta Mahimbo tunauheshimu sana, na kwa jinsi tunavyouheshimu tunauahirisha mpaka njia yake izinduliwe. Mheshimiwa asipofika leo, utasikilizwa mwakani."

"Mwakani?" Sikudhani aliuliza.

"Mkutano ni wa kila mwaka, Dakta. Hatukuanza leo."

Wajumbe wakapiga makofi. Ikawa kweli kwamba ni mwakani.

*

Sasa, mtu mwingine angelia. Sikudhani alishikwa na hasira, hasira ile ya kimya inayompata mtu aliyeombwa kuvumilia na watu walioshiba. Alirudisha kiti nyuma kidogo, kama anayeondoka, na mgambo akalegea. Kisha akakisukuma mbele kwa nguvu zote za mikono iliyokuwa ikifanya kazi ya miguu tangu utotoni. Utepe ukakatika. Turubai likamfunika kichwa, akalipangua, akapita katikati yake. Ukumbi mzima ulivuta pumzi kwa pamoja, maana watu wa nchi ile wameona mengi, mapinduzi wameyaona, lakini hawajawahi kuona mtu anajizindulia.

Njia ilikuwa ya marumaru, inateleza, tena imesimama wima kama paa la nyumba. Ni dhahiri aliyeichora hakuwahi kusukuma hata toroli. Sikudhani alipanda akikamata reli kwa mkono mmoja na gurudumu kwa mwingine, mishipa ya shingo imemtoka, na hakuna aliyemsaidia kwa sababu kumsaidia kulikatazwa. Alifika juu. Pale juu, kati ya njia na jukwaa, akakuta bamba la shaba lenye jina la Mheshimiwa, na kando ya bamba, ngazi mbili za kupandia jukwaani.

Fundi alikuwa ameambiwa ajenge njia ya kuzinduliwa. Kama ingefika jukwaani hakuna aliyemuuliza.

Sikudhani alizitazama zile ngazi mbili. Kipaza sauti kilikuwa pale, mbele yake, hakifikiki. Akakigeuza kiti kuelekea ukumbini, akafunga breki, akasema kwa sauti yake mwenyewe, ile aliyokuwa akiitumia darasani umeme ukikatika.

"Mahindi ya Ghala Kuu yana sumu. Nimeyapima na kuyapima tena. Jumatatu yanakwenda shuleni. Mtoto atakayeyala wiki mbili tatu ataanza kutapika, macho yatageuka manjano, tumbo litajaa maji, na wengine mtawazika. Msiwape watoto. Sina lingine."

Kwa muda mfupi pale ukumbini palikuwa na wataalamu watupu, na kila mtaalamu alijua kwamba Sikudhani Mahimbo hajawahi kukosea kipimo.

Mwenyekiti akapata sauti. "Wajumbe, utaratibu. Kilichosemwa juu ya mradi usiozinduliwa hakijasemwa. Katibu usiandike. Na asiyesema hapigiwi makofi, kwa hiyo naomba mikono ikae mezani." Mikono ikakaa mezani. "Tunakwenda mapumziko ya chai. Walinzi, mteremsheni Dakta."

Walinzi walipanda, wakamzunguka, wakakuna vichwa. Mkubwa wao akarudi kunong'ona kwamba mzee, kumbeba Sera imekataza, na kumsukuma ni lazima umshike. Mwenyekiti alitafakari kwa uchungu. Mwisho akaamuru abaki hapo hapo, utepe ufungwe upya chini yake, na iandikwe kuwa amewekwa pale kama mnufaika.

Basi Sikudhani akabaki juu ya marumaru, peke yake, na kwa mara ya kwanza akauona ukumbi wote. Aliona chai imepoa kwenye vikombe bila kunywewa. Aliwaona wajumbe wamejibanza kwenye kuta, kwenye madirisha, nyuma ya nguzo, kila mmoja ameupa ukumbi mgongo na simu iko sikioni. Ukumbi ule ulijengwa ili sauti zipande, na sauti zilipanda.

"Mwambie mwalimu bibi yake anaumwa sana."

"Sijali mitihani, mlete nyumbani kesho asubuhi."

"Mpakie unga wa kwetu, mkanye asile cha jikoni, hata uji. Nimesema hata uji."

Ile sauti ya tatu ilikuwa ya Bwire. Alimaliza, akafuta uso kwa leso, akapiga simu nyingine, kwa dada yake. Profesa Ngwali alikuwa na wajukuu wengi, akawa anawapigia wazazi wao mmoja baada ya mwingine, bila kulalamika mgongo. Hata Mwenyekiti alikuwa kwenye pembe, akimfokea mkuu wa shule kwa sauti ya chini.

Sikudhani alisubiri. Alidhani mtu aliyekwisha kumwokoa wake atageuka, atapanda jukwaani, atasema na hao wengine. Walirudi kwenye viti mmoja mmoja, wakarekebisha tai.

Mgeni rasmi akafika na ving'ora. Mheshimiwa Bakilana Rwoma alifurahi mno kukuta mlemavu amekwisha kuwekwa mahali pake. Akahutubia.

"Wapo wanaojisifu wamepeleka watu mwezini," alisema. "Wanajifaragua. Sisi tumempeleka mtu jukwaani, na mtu mwenyewe hana miguu. Nimeambiwa mama huyu alikuwa na shauku hata akaniwahi kidogo. Namsamehe. Serikali hii ni sikivu." Wajumbe wakacheka, wakapiga makofi, ikawa kweli kwamba Serikali ni sikivu. Akakata utepe. Akashikwa mkono asiteleze, akapanda hatua tatu, akashuka. Kisha akatangaza kwamba kwa furaha ya siku hiyo malori hayatangoja Jumatatu, yangeondoka usiku huo huo. Makofi yalikuwa makubwa zaidi.

Wapiga picha wakamtaka Mkurugenzi apande asimame na mnufaika. Bi Leokadia alipanda kwa viatu virefu, akishika reli, akainama amvishe Sikudhani lile shada mara ya pili. Akasema karibu na sikio, tabasamu likielekea kwenye kamera:

"Dada yangu, Shule ya Wasichana Mirumba imo?"

Sikudhani akamwangalia. Zile ngazi mbili zilikuwa nyuma ya visigino vya huyo mwanamke, na juu yake kipaza sauti, kimewashwa, hakina mtu.

"Orodha ya shule zote ninayo kichwani," alisema. "Una miguu mizima, Leokadia. Panda hapo uniulize kwa sauti, nami nitakujibu wote wasikie. Lori la kwanza bado halijapakiwa."

Mkurugenzi aligeuza shingo akaziangalia ngazi. Akamwangalia Mheshimiwa, aliyekuwa anapepewa, akamwangalia shemeji yake meza kuu. Kwa kitambo hicho Sikudhani alimwombea kwa moyo wake wote, akasahau hasira.

Leokadia alishuka. Alishuka pole pole, akaambaa ukuta mpaka kwenye mlango wa nyuma, na sauti yake ya kwenye simu ikapanda ikamfikia Sikudhani pale pale alipo.

"Dereva, washa gari uende Mirumba sasa hivi. Mchukue Abela. Hapana, Abela peke yake. Hao wengine waache, wana wazazi wao."